Udongo wa Shefu

Jumatatu, 15 Septemba

Daftari hili ni la vipimo vya makochi. Kurasa za mbele zimejaa urefu wa migongo na upana wa viti vya watu wa Kamembe, mji wetu wa mpakani. Leo naanza kuandika kwa nyuma, kwa sababu kuna jambo sitaki kulisahau wala kulipindisha baadaye.

Maman Nzigire, jirani yetu wa ukuta mmoja, amepelekwa hospitali Mibirizi. Ni tumbo. Alivuka mpaka kutoka Bukavu mwezi wa pili na godoro, kiti, sufuria mbili na mbwa aitwaye Shefu, yaani mkubwa, akapanga chumba cha pembeni, akaendelea kuuza sambaza zake kavu, dagaa wa ziwani, kama mtu aliyehama mtaa tu. Asubuhi hii, gari likimngoja, alinishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaniwekea kamba ya mbwa kiganjani, akaniita kwa jina la mwanangu.

"Papa Hakimu, unichungie Shefu mupaka nitarudia. Kule mupakani kila muntu ni shefu, na hakuna mwenye ananisikia. Uyu njo shefu moya tu mwenye ananisikia."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Kintu kimoya, Papa. Usimupige. Hayapigwa ata siku moya."

Nikasema, "Wallahi, Maman, sitampiga."

Mimi si mtu wa kuapa ovyo. Ndiyo maana naandika.

Jumanne, 16 Septemba

Mke wangu Mukarugwiza amesema nyumba inayosaliwa haikai na mbwa. Nikamwambia mbwa wa ulinzi anaruhusiwa.

"Huyu atalinda nini, Baba Hakimu? Anaogopa kuku."

Ni kweli, anaogopa kuku. Nilipomfunga uani alitafuna kamba kwa saa moja, akateremka barabara ya mpakani kumtafuta mwenyewe, malori yakimpigia honi. Kwa hiyo atakaa karakana, chumba cha mbele ninamoshonea, na hatavuka mlango wa kuingia ndani. Mukarugwiza ameweka sharti: ajifunze kwenda haja nje kabla mvua hizi hazijaisha, la sivyo atapewa Munyaneza. Munyaneza ni mkulima wa Nkungu anayetuletea viazi, naye anatafuta mbwa wa kumfunga kwenye mahindi. Mbwa wake wa mwisho alikufa na mnyororo shingoni. Nimelikubali sharti, maana wiki mbili tatu zinatosha kumfundisha mbwa.

Jumatano, 17 Septemba

Amekojoa karibu na mlango wa karakana. Pengine ni woga wa ugeni. Nimepaosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa madrasa. Nina ndoo ya udongo mkavu niliouweka chini ya paa kabla haujalowa. Nimeuacha ukae sakafuni unyonye hadi jioni, nikaenda kuswali chumbani.

Ijumaa, 19 Septemba

Tena. Palepale. Nimeosha mara saba.

Jumamosi, 20 Septemba

Tena.

Jumatano, 24 Septemba

Nimemtoa nje mara nne leo. Uwanja wetu umetandikwa mawe, na penye udongo pote ni tope. Alisimama juu ya mawe, masikio chini, maji yakimchuruzika, akinitazama kama mimi ndiye niliyeileta mvua. Nilisimama naye hadi kanzu ikanigandia mgongoni. Hakuna kitu. Tukarudi. Aliingia, akajikung'uta, akaenda moja kwa moja kwenye udongo niliomwaga asubuhi, akachutama bila haraka, huku akinitazama usoni.

Watu wamenishauri nimsugue pua pale alipokojoa. Nimejaribu. Alikaa mbali nami hadi jioni.

Jumamosi, 27 Septemba

Mukarugwiza amekwenda kufagia chumba cha Maman Nzigire ili asikute panya akirudi. Amerudi na beseni la bluu lililojaa udongo mkavu. "Maskini, alitaka kupanda vitunguu," amesema, akaumwaga kwenye tuta lake la dodo, yaani mchicha. Beseni ni zima, halina hata ufa. Tutaliazima kwa kufulia mpaka mwenyewe apone.

Ijumaa, 3 Oktoba

Baada ya swala ya Ijumaa nilikwenda Mibirizi. Amekonda, na mikono yake imekuwa myepesi. Hakuulizia chumba chake wala sambaza zake.

"Shefu anakusumbua na mambo ya choo?"

"Hata kidogo, Maman. Ni safi kuliko watu."

Alicheka akiwa ameshika tumbo. Kisha akasema, "Kuko kintu nilisahau kukuambia, ile siku gari ilikuya, juu ya..." Kikohozi kikamkamata. Nikampa maji. Nikamwambia, "Pumzika, Maman. Mimi na Shefu tumeshaelewana." Nani anamtwisha mgonjwa habari za mkojo wa mbwa? Niliona ndiyo huruma.

"Na haumupigake?"

"Sijampiga."

Hilo lilikuwa kweli.

Jumanne, 7 Oktoba

Amebadilisha mahali. Juzi alilamba mguu wa kochi la mwalimu mmoja wa sekondari, nikausugua kwa udongo. Jana amekojoa chini ya kochi lile. Leo asubuhi nimesugua upande wa cherehani kwa sababu alidondosha mate hapo. Mchana amekojoa upande wa cherehani. Kila ninaposafisha ndipo anapochafua. Huyu si mjinga hata kidogo. Huyu ana kiburi, na ananifuata nyuma kuharibu kazi ya mikono yangu.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua. Tena.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Mara mbili. Udongo wa ndoo umekwisha, nimechota mwingine.

Jumatano, 15 Oktoba

Munyaneza alileta viazi. Akamfunua Shefu midomo, akamtazama meno, akambonyeza mbavu.

"Atafaa. Mnyororo niko nao."

"Mvua zikiisha," Mukarugwiza akamjibu.

Shefu alikuwa amejificha nyuma ya miguu yangu. Sikujua kama nimwonee huruma au nimkabidhi hapohapo.

Jumanne, 21 Oktoba



Nilikuwa na kazi ya harusi: makochi manne, mahameli nyekundu ambayo bibi harusi mwenyewe aliichagua. Kitambaa nilikikunjua sakafuni ili nikikate. Nilipogeuka kuchukua mkasi niliipiga teke ndoo, udongo ukamwagika juu ya mahameli. Nikasema si neno, ni mkavu, utakung'utika. Nikatoka kuchukua brashi. Niliporudi, Shefu alikuwa amesimama katikati ya mahameli, anaukwaruza ule udongo, anachutama.

Mita ya mbao ilikuwa juu ya meza. Ni mita ya marehemu baba. Aliinunua akiwa kijana, na alama zake zimefutika kwa vidole vyake kisha kwa vyangu, hadi mtu mwingine hawezi kuisoma. Niliichukua nikampiga. Nilimpiga mgongoni, nikampiga tena, na mara ya tatu ilimpata karibu na jicho kwa sababu aligeuka kunitazama. Hakulia. Alilala chini, akajikojolea palepale alipolala, akaendelea kunitazama.

Nilisema maneno pia. Nilisema, "Mshenzi wewe, mwenyewe anakufa na wewe unanifanyia haya!" Sikujua kwamba nilikuwa nikiamini anakufa mpaka nilipojisikia nikisema.

Mukarugwiza alitokea mlangoni, akatazama mita, akanitazama mimi.

"Uliapa," akasema. Akarudi ndani.

Jumatano, 22 Oktoba

Hajala. Nimeiweka mita nyuma ya kabati.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimerudi kutoka msikitini nikamkuta Mukarugwiza, mwanamke ambaye tangu mbwa aje haweki unyayo karakana, ameketi chini kwenye sakafu na sahani ya ugali mapajani. Anamega, anachanganya na sambaza, anaweka mbele ya Shefu, anangoja.

"Yewe Shefu, kula. Kidogo tu. Nani atamwambia mama yako kwamba hukula?"

Alikula matonge matatu. Mke wangu akanawa mikono mara saba, akanipita akaingia ndani.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mibirizi. Hazungumzi sana sasa. Muuguzi alisema anasikia vizuri, nizungumze mimi. Nikamweleza habari za soko, bei ya sambaza, nani kavuka na nani karudi. Alingoja nimalize.

"Haujamupiga?"

"Sijampiga, Maman."

Akafumba macho. "Aksanti, Papa."

Ile "aksanti" sijui nitaipeleka wapi. Niliteremka kilima kwa miguu, pikipiki zikinipita, nikakataa zote. Nilitaka kulowa.

Alhamisi, 6 Novemba

Maman Nzigire amefariki alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Jumamosi, 8 Novemba

Tumemzika leo Mibirizi. Ilikuwa siku ya kwanza ya jua baada ya siku nyingi, na udongo waliouchimba tangu jana, wakaufunika kwa turubai, ulikuwa mkavu na umevunjika vizuri.

Mwanawe Muderhwa alifika kutoka ng'ambo ya mpaka na shangazi zake. Ni kijana mrefu, ana sauti ya mama yake. Ni yeye aliyeomba mbwa aje. "Mama alimupenda kuliko siye bote," alisema. Basi tulikwenda, mimi na mke wangu tukisimama pembeni kama wageni, na kamba ya Shefu mkononi mwangu.

Padri aliomba. Akina mama waliimba. Jeneza lilikuwa bado halijateremshwa. Shefu alianza kuvuta, nikadhani anamnusa mwenyewe, nikaachia kamba kidogo, maana nilimwonea huruma. Akapanda juu ya kichuguu cha udongo kando ya kaburi. Akakwaruza mara mbili. Akachutama.

Wimbo ulikatika. Shangazi mmoja alipiga kelele, mwanamume mmoja akaokota jiwe, mwingine akauliza ni mbwa wa nani. Wote wakanitazama mimi, Mwislamu mwenye kofia, nimeshika kamba. Nilitamani ardhi ipasuke nishuke kabla ya marehemu.

Halafu Muderhwa akaanza kucheka. Alicheka hadi akashindwa kusimama, akapiga magoti kwenye ule udongo, akamkumbatia mbwa, na kicheko kikawa kilio palepale.

"Mumuache! Mumuache, baba zangu. Njo vile Mama alimufunza. Kule Bukavu tulikuwa kwa étage, kule juu, hatukuwa na lupango, ata kiwanja kidogo. Alimuwekea udongo mukavu mu beseni, miezi mbili anamufunza, pole pole, bila fimbo. Anakuya kwa udongo tu. Fasi kuko udongo mukavu, njo choo yake."

Nikasikia mke wangu akiuliza kwa sauti ndogo, "Beseni la rangi gani?"

"Ya bleu, Maman."

Mukarugwiza akajiziba mdomo kwa mtandio. Wiki sita amekuwa akifulia kanzu zangu za Ijumaa katika beseni lile. Mabega yake yalitikisika, na mpaka sasa sijui kama alikuwa akicheka au akilia. Nadhani na yeye hajui.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nikipita katika karakana yangu kichwani, mahali hadi mahali. Mlangoni, nilimwaga udongo. Mguu wa kochi la mwalimu, nilisugua udongo. Upande wa cherehani, udongo. Mahameli nyekundu, udongo, kwa teke langu mwenyewe. Kila mara nilipotwaharisha sakafu nilikuwa nikimtandikia choo, na yeye alikwenda pale nilipomwonyesha, akanitazama usoni akingojea sifa. Hakukosea hata mara moja. Na Maman Nzigire alitaka kuniambia, siku ile, kitandani, akiwa bado na pumzi ya kuniambia. Nikamnyamazisha kwa uongo wangu mzuri.

Tulipoteremka nilimwomba Muderhwa tubaki nyuma. Nikamweleza yote: kiapo, mita, jicho. Alisikiliza akitazama njia.

"Mama alijua?"

"Hapana. Nilimwambia sijampiga."

Alitembea kidogo. "Basi, Papa," akasema, akatangulia kuwafuata shangazi zake. Penye gari alirudi. Alisema yeye hana chumba, analala kwa watu, na kama Shefu ananichosha atamtafutia mtu.

Nikamwambia hanichoshi.

Jumapili, 9 Novemba

Mukarugwiza amelirudisha beseni karakana. "Ni lake. Hata likipasuka ni lake." Nimelijaza udongo, nikaliweka pembeni. Shefu alilisogelea, akanusa, akanitazama, akarudi nyuma. Alijizuia kutwa nzima. Sasa anaogopa hata udongo, na nilimfundisha mimi.

Jumatatu, 10 Novemba

Niligeukia ukuta nikashona bila kutazama nyuma, nikimsemesha upuuzi: habari za springi, habari za sponji, habari za bibi harusi aliyenisamehe kwa kuwa mahameli ilifulika vizuri. Nikasikia kucha kwenye plastiki. Nikasikia mkojo kwenye udongo. Sijawahi kufurahia sauti kama ile. Nimempa sambaza tatu kutoka mkononi, nikanawa mara saba.

Alhamisi, 13 Novemba

Kila asubuhi baada ya swala nalisogeza beseni shubiri moja kuelekea mlangoni. Shubiri moja tu. Nikizidisha anachanganyikiwa.

Ninapolazimika kusugua mahali kwa udongo, Mukarugwiza humtoa kwanza uani, na hafunguliwi mlango mpaka punje ya mwisho imefagiwa.

Jumatano, 19 Novemba

Beseni liko kizingitini. Nusu ya mbwa ndani, nusu nje.

Jumamosi, 22 Novemba

Beseni liko nje, na mvua ya leo ilikuwa ya mawe. Nimesimama juu yake na mwamvuli ili udongo usilowe. Majirani wamepiga soga hadi wakachoka: eti mimi, Mudathiru, namshikia mwamvuli mbwa, kesho nitamletea birika la kunawa. Nikawaacha. Alichukua muda wake.

Jumanne, 25 Novemba

Radi. Amekojoa ndani, chini ya meza, kisha akajibana ukutani akiningojea. Nimekaa chini mbali naye, mikono juu ya magoti aione. Tulikaa hivyo mpaka alipokuja mwenyewe. Ilichukua muda mrefu kuliko kukata kochi zima.

Jumatano, 3 Desemba

Nimemwaga nusu ya udongo wa beseni chini ya mparachichi nyuma ya nyumba, mahali pasipofikiwa sana na mvua. Ameuona.

Jumanne, 9 Desemba

Hahitaji beseni tena. Anakwaruza mlango, nafungua, anakwenda mparachichini, anarudi, anasimama mbele ya kopo la sambaza. Laiti ningekuwa na mtu wa kumweleza Mibirizi.

Ijumaa, 12 Desemba

Mvua zimekwisha. Munyaneza alikuja na mnyororo begani. Mke wangu alimlipia viazi vyake, akamwambia, "Mbwa hana nafasi. Ana kazi hapa."

"Kazi gani?"

"Anamfundisha mzee."

Munyaneza alidhani ni mzaha.

Jumatatu, 15 Desemba

Miezi mitatu kamili leo. Muderhwa ametuma ujumbe kwamba amepata chumba, na ameniomba nimrekebishie kiti kimoja cha mama yake, kile kilichobaki chumba cha pembeni. Nilitaka kukifanya vizuri kuliko kiti chochote nilichowahi kukishika. Mgongo wake ni mrefu, na kazi ya mgongo mrefu naijua kwa mita ya baba tu. Nikaingiza mkono nyuma ya kabati nikaitoa.

Shefu alikuwa amelala juani penye mlango, ameshakwenda mparachichini asubuhi, tumbo limejaa. Alifumbua jicho lile lenye kovu. Akaiona mita mkononi mwangu. Hakukimbia, wala hakunguruma. Alijibana chini, na mkojo ukatoka chini yake, ukaenea polepole sakafuni, naye akinitazama usoni.

Karibu wiki tatu hajachafua sakafu hata mara moja.

Niliketi chini. Mukarugwiza alikuja, akaona, akaleta ndoo ya maji na ndoo ya udongo, akamwita Shefu akampeleka uani. Nikaosha mara saba, moja kwa udongo. Mara zile nyingine zote nilikuwa nikiosha najisi ya mbwa. Ya leo niliiosha ikiwa yangu mwenyewe, na nilipomaliza ya saba sikuona kama imetoka.

Mita ya baba nimeikata kwa msumeno vipande vinne. Mke wangu aliniuliza kama nina hakika. Kisha akavipeleka jikoni, na maharage ya jioni yamepikwa kwa kuni hizo.

Kiti cha Maman Nzigire nimekipima kwa kamba ya mbwa.